Kasoro: Vishimo

1.

IDARA YA UKAGUZI WA BIDHAA
KUH: MAOMBI YA ALAMA YA UBORA, KARAKANA YA KALIBU

Mwombaji: Bi. Mwantumu Shekiondo
Bidhaa: mipira
Matokeo ya ukaguzi: IMEKATALIWA
Kasoro: vishimo. Kila mpira uliokaguliwa umekutwa na vishimo uso mzima.
Kipimo cha kuvuja: hakikufanyika. Mkaguzi hakuona pa kuingizia maji.
Maelekezo: Mwombaji azibe vishimo vyote na kuwasilisha upya kabla ya mwisho wa mwezi. Asipofanya hivyo, kalibu zake zitachukuliwa na mipira itateketezwa.

O. Lyatuu
Mkaguzi

2.

Ni mipira ya gofu.

3.

Rudi usome namba mbili. Mimi niliisema mbele ya dirisha la Idara hadi koo likakauka, na bado mkaguzi akaandika alichoandika.

Naitwa Mwantumu Shekiondo. Karakana yangu iko Muheza, nyuma ya mashine ya kusaga, na upepo ukivuma kutoka huko sote tunaota mvi za unga. Tunachukua utomvu wa miti ya mpira, tunauchanganya na salfa, tunaupika mpaka unakuwa kiini kigumu cha mviringo. Kiini tunakivalisha ganda la plastiki ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande viwili, tunaminya kwa jeki ya lori, tunasubiri ipoe, tunafungua.

Kalibu ina vipele. Mpira unatoka na vishimo.

Hivyo vishimo ndiyo kazi yenyewe. Kila kipele cha kalibu nilikichonga kwa mkono huu unaouona, na anayetaka kunichukulia kalibu zangu aje na watu wa kutosha.

4.

[Kipande hiki kimechukuliwa na Idara kama sampuli.]

5.

KIBAO MLANGONI KWETU

K A L I B U

*Kwa wageni: hatukukosea. Anayetafuta "karibu" ameshakaribishwa, apite. Hii ni kalibu, chombo cha kuumbia vitu, na tunaomba msije na chaki kutusahihisha. R tumeshaifuta mara nyingi. Sasa tunajua ni mwalimu yupi.*

6.

*Karakanani, wakati wa chai. Wanaosikika ni Mwantumu na Riziki, mke wa kaka yake, anayeendesha jeki.*

— Wifi, vizibe tu.

— Nizibe nini?

— Hivyo vishimo. Tia nta, wapelekee, wapige mhuri wao, tukirudi tunakwangua.

— Riziki, umeolewa na kaka yangu, hujaolewa na akili yake.

— Na wewe kichwa hicho hicho ndicho kilichomkimbiza shemeji yangu.

— Alikimbia mwenyewe. Mimi nilimfungulia mlango tu.

— Haya. Wakibeba kalibu utaminyia mipira kwenye nini? Kwenye sufuria ya mama?

— Mpira wa gofu usio na vishimo si mpira wa gofu.

— Na mpira wa ile kazi nyingine ukiwa na tundu moja tu, watu wanaitana baba na mama. Huyo mkaguzi ana haki ya kuogopa!

*(Kicheko. Sahani ya maandazi inaanguka. Hakuna anayeiokota.)*

7.

Mimi ni mpira. Subiri, usinipige kwanza.

Zamani wenzangu walizaliwa laini. Waliochezewa sana wakakwaruzika, wakatiwa alama na fimbo, na wachezaji wakaona jambo ambalo hawakulitegemea: mkongwe mwenye makovu aliruka mbali kuliko mpya anayeng'aa. Ndipo mafundi wakaanza kuwatia wapya makovu makusudi, kabla hawajauzwa.

Sababu ni upepo. Mpira laini unapopita, upepo unauachia mapema, na nyuma yake panabaki pengo kubwa linalouvuta urudi. Kwangu upepo unapata pa kushika. Unanizunguka, unachelewa kuniachia, na pengo linakuwa dogo. Nikipigwa vizuri nikazunguka kinyumenyume, upepo huo huo unanibeba.

Basi ukiniziba vishimo, unanizibia nini?

Unanizibia

8.

Msinicheke. Mimi ndiye Onesmo Lyatuu, mwenye saini ya namba moja.

Ukifungua mfumo wa Idara ukaandika "mpira", unaletewa hivi:

mpira (wa maji)
mpira (wa miguu)
mpira (wa kinga)
mpira (wa kufungia mizigo)

Gofu haimo. Mfumo hauendelei mpaka uchague, nami nilikuwa na foleni inayofika barabarani, nikabofya wa juu. Lakini hata ningebofya mwingine, tundu ni tundu. Wa maji utavuja, wa miguu utasinyaa, wa mizigo utakatika, na wa kinga utaleta kesi. Nimekagua bidhaa mpaka nywele zimeanza kuniaga, na sijawahi kukutana na kitu kinachokuwa kizuri kwa sababu kimejaa mashimo.

Yule mama akaniambia, "Baba, haya si matundu. Tundu linatokea upande wa pili. Hivi ni vishimo."

Nikamwambia mfumo hautofautishi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, nikaandika haraka ili aondoke.

Mpira mmoja ulibaki mezani kwangu. Ni sampuli, nina haki nao.

9.

TAARIFA YA JARIBIO

*Mahali:* uwanja wa gofu, kwenye shamba la zamani la mkonge.
*Mpigaji:* Mhina, mbeba fimbo, ambaye hupiga vizuri kuliko wanaombebesha na anaombwa asiseme.
*Shahidi:* Riziki.

*Mpira wa kwanza:* kipara. Riziki ndiye aliyeuminya, kwa kalibu ambayo haijachongwa, "ili tuone tu".
*Tokeo:* ulipanda, ukasita, ukaanguka kabla ya mtaro.

*Mpira wa pili:* wenye vishimo.
*Tokeo:* mtaro

        michongoma

                mkonge uliosahauliwa

                        na huko

*Mhina:* "Dada, huu umekwenda wapi?"
*Shahidi:* aliufuata kwa macho mpaka ukapotea. Kisha akasema, "Wifi, usivizibe."

*Maelezo ya ziada:* ule kipara sasa unazuia mlango wa choo usijifunge na upepo. Kwa kazi hiyo ni mzuri sana.

10.

Sasa uso.

Nilipokuwa mdogo tetekuwanga ilinipitia vibaya. Mama alinifunga mikono kwa kanga nisijikune, na mimi nikajikuna kwa ukuta. Uso wangu ukabaki na vishimo, mashavu yote mawili na paji. Shuleni waliniita Chekeche. Nilipigana nao, na mara nyingi nilishinda, na bado iliniuma. Inaniuma hata leo, wewe unayesoma, sikufichi.

Maombi ya mara ya pili yalitaka picha. Nikaenda kwa fundi picha wa stendi, akanipiga, akainama kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo akiwa anatabasamu.

"Nimekusafisha, dada. Bure kabisa."

Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mwenye mtandio wangu na uso laini kama sahani. Nilikuwa nimetoka kuapa mbele ya watu kwamba vishimo havizibwi. Nikamtazama yule mwanamke muda mrefu. Alikuwa mzuri, hasira zikanipanda, na picha nikaichukua.

Nikaibandika kwenye fomu. Nikaambatanisha mipira ile ile, na vishimo vyake vyote, nikapeleka.

11.

IDARA YA UKAGUZI WA BIDHAA
KUH: MAOMBI YA MARA YA PILI, KARAKANA YA KALIBU

Kasoro ya bidhaa: haijarekebishwa. Mipira bado ina vishimo.

Kasoro ya picha: uso ulio kwenye picha hauna vishimo. Uso wa mwombaji, kama ulivyoonekana dirishani, unavyo. Picha si halisi. Mwombaji alete picha nyingine yenye vishimo vyake vyote.

Mwombaji anakumbushwa kuwa mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

O. Lyatuu
Mkaguzi

12.

Soma tena. Taratibu.

Mipira ina vishimo.

Kasoro.

Uso hauna vishimo.

Kasoro.

Barua moja. Saini moja. Wino mmoja.

13.

*Karakanani. Riziki ameishika barua, machozi ya kicheko yanamtoka.*

— Wifi! Idara imekutongoza!

— Lete hapa.

— "Vishimo vyake vyote!" Kaka yako hajawahi kuniandikia hivi tangu anioe!

— Riziki, lete barua.

— Unalia?

— Silii.

— Unalia, wifi.

— Nalia, ndiyo. Lete barua, nataka kwenda stendi.

14.

*Studio ya stendi.*

— Dada, kidogo tu hapa shavuni, mwanga umekuwa mkali.

— Usiguse.

— Paji je?

— Ukifuta hata kimoja, hiyo picha utakaa nayo mwenyewe.

— Wateja wote wanapenda.

— Mimi napeleka serikalini. Wameagiza vyote.

15.

Dirisha lilipofunguliwa niliweka vitu viwili juu ya kaunta. Picha. Mpira.

Mkaguzi Lyatuu akachukua picha. Akaniangalia, akaiangalia, akaniangalia.

"Sasa hii ndiyo wewe, mama."

"Kwani ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

"Ile haikuwa na..." Akakohoa.

"Sema, baba. Vipo usoni kwangu, nanawa navyo kila asubuhi."

"Haikuwa na vishimo."

"Na bila vishimo?"

"Bila vishimo si halisi."

"Basi andika hivyo hivyo na kwenye mpira."

Foleni nyuma yangu ikaanza.

"Mama, wengine tuna safari!"

"Muacheni amalize!"

"Kwani kauliza nini?"

"Kauliza kama uso wake ni mbovu."

"Ni mbovu? Nani kasema ni mbovu?"

Mkaguzi akapunguza sauti. "Tatizo ni mfumo, mama. Mfumo unasema mpira ukiwa na vishimo..."

"Mfumo haukuniona dirishani. Wewe ndiye uliyeniona, ukaandika, ukasaini. Nakuuliza wewe."

Sikupaza sauti. Mikono niliishikiza kwenye ukingo wa kaunta, na sauti ilikuwa yangu yote. Nikamwambia kwamba mipira ile sitaiziba leo wala mwisho wa mwezi. Wakija na gari kubeba kalibu watanikuta nimekaa juu yake, na watalazimika kunibeba nayo, na mimi si mwepesi.

Mkaguzi akavuta droo ya meza, akatoa mpira wangu, ile sampuli, akauweka pembeni ya mwenzake. Ulikuwa na alama ya kijani upande mmoja. Majani.

Mipira ya droo haioti majani.

Nilimtazama. Akatazama meza.

4.

[Kipande hiki kimerejeshwa na Idara. Kina madoa kidogo.]

Ni mimi tena, mpira. Jioni moja mtu mmoja mwenye nywele chache alinitoa mfukoni nyuma ya nyumba yake. Alihakikisha mkewe yuko jikoni. Akaniweka kwenye majani, akashika gongo la kufukuzia mbwa, akanipiga kwa hasira, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba yeye hajakosea.

Nikaruka. Ukuta wake nikaupita, mgomba wa jirani nikaupita, na yeye akabaki ameinua kichwa, mdomo wazi, gongo mkononi.

"Eeeh," alisema.

Neno hilo halimo kwenye mfumo wao. Alinitafuta kwa jirani mpaka giza likaingia, akiomba radhi kwa kuku.

16.

Mkaguzi ameivuta fomu karibu. Amebandika picha yangu, ameigonga kwa kidole mpaka gundi imeshika. Foleni imenisogelea, na aliyekuwa na safari naye sasa anachungulia juu ya bega langu. Kalamu inaandika, nami naisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu wa kaunta:

*Kasoro ya picha: hakuna*

*Kasoro ya bidhaa: ha*

Hapo imesimama. "Hakuna" inaanza hivyo. "Haijarekebishwa" nayo inaanza hivyo hivyo. Mkono wake wa pili uko juu ya mpira, na kidole gumba kinapita kwenye vishimo, kimoja kimoja, sidhani kama anajua.

Siondoki dirishani.