Bosi Asiyejua Mtu

Mpiga pasi hakurudi pale dobini kuomba. Kuomba alishaomba, akaambulia matusi. Safari hii alikuja kumtia mtu adabu, na moyo ulikuwa unawaka.

Mashine ya kunyooshea mashuka ilikuwa imemla vidole vinne vya mkono wa kulia. Bosi alijua ina kasoro, kila akiambiwa, anasema "kesho." Siku ya ajali akampakia garini, akamshusha kwenye geti la hospitali damu ikimchuruzika. "Huna vibali," akamwonya. "Ukinitaja, wanakurudisha kwenu." Akaenda zake! Alipofuatwa agharimie matibabu, akasema hajawahi kumwona mwanamke huyo. Jamani, baada ya kumfanyia kazi miaka sita!

Kilichomuuma zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye bado alikuwa akifua palepale. Alipoombwa ushahidi, akainamisha macho. "Mwenzio nina watoto, wifi."

Basi akaenda ofisi ya kazi. Mkaguzi, mama mmoja mnene asiye na haraka, akamwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: aliyefanya kazi ni mfanyakazi, awe na vibali asiwe navyo, na akiumia kazini ana haki zake. Tena ofisi ile haikamati watu. "Ila nahitaji mtu aliyekuona kazini."

Ndipo wakaja dobini, yeye na mkaguzi. Mashine zinanguruma, mashuka yanafuka mvuke, na mtu hakuna! Bosi akatabasamu mpaka magego.

"Kazi naifanya mwenyewe, mama. Na huyu dada simjui."

Mwongo mkubwa! Wakaguzi wakija, watu walikuwa wakijificha stoo nyuma ya marobota, mpaka bosi agonge bomba mara tatu kwamba hatari imepita. Mpiga pasi akaokota spana kwa mkono wa kushoto, akagonga.

Mlango wa stoo ukafunguka. Wakatoka wanawake tisa, aproni zimelowa, wifi mbele. Kumwona mkaguzi, wakaganda.

"Huyu si polisi," mpiga pasi akawaambia. "Msiogope."

Bosi akaropoka: "Wezi hao! Siwajui! Wamevunja stoo yangu!"

Hapo akajimaliza mwenyewe. Wifi alikuwa amemkana ndugu yake kwa ajili ya mtu huyu, na leo anaitwa mwizi? Kweli shukrani ya punda ni mateke. Akaushika ule mkono wenye kidole kimoja, akauinua juu.

"Mama, mashine niliizima mimi. Vidole vya wifi yangu nilivitoa mle kwa mikono yangu, na huyu bosi akaniambia nivitupe na taka. Andika!"

"Na mimi nilikuwepo," akasema mwingine. Wa tatu naye akadakia.

Mkaguzi akaandika. Bosi jasho likamtoka, akamsogelea mpiga pasi, sauti laini kama ya mchumba.

"Dada yangu, tuyamalize sisi wenyewe. Mimi na wewe tumetoka mbali."

"Wewe na nani?" akamuuliza mpiga pasi. "Mimi hunijui."