Jina la Mkuu kwenye Orodha ya Masjala

Mwaka 1983 Germana alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Karatu. Mafaili yalikuwa chini yake, ila chumba kiliingiwa na yeyote. Dereva akifuata faili la Landrova alipitia na ya watumishi, na mpishi wa chai alisoma barua za siri maji yakichemka. Ndivyo ilivyojulikana hadi kijiji cha Qurus kwamba Mzee Valeriani, mkuu wa ofisi, alikuwa amepewa karipio na wakubwa wake.

Mzee Valeriani akaifunga masjala kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Wiki hiyo hiyo Bwana Mifugo akakosa faili la josho la Ngorongoro, dawa ya kuogeshea ng'ombe haikuagizwa, na mfugaji aitwaye Sironka, aliyesafiri siku nzima kuifuata, akarudi mikono mitupu.

Germana akamwendea mkuu. Akamweleza kwamba kumfungia kila mtu ni kuifunga ofisi. Afadhali kila mmoja apewe faili la kazi yake, lingine asiguse. Akaomba mwezi mmoja aandike daftarini nani kachukua faili lipi, kwa kazi gani. Mkuu akakubali, akampa ufunguo, mradi asipendelewe mtu.

Mwezi ukaisha, orodha ya nani aruhusiwe faili lipi ikatoka. Dereva alipata faili la gari. Bwana Mifugo alipata majosho na chanjo, barua za watumishi akanyimwa. Mpishi wa chai hakupata kitu. Tatizo likawa mkuu: kwa siku thelathini alikuwa ametoa faili moja tu, la likizo yake. Germana alilirudia daftari mara tatu. Alimwogopa mkuu, lakini kuandika uongo aliogopa zaidi. Akaandika: Mkuu wa Ofisi, faili la likizo. Mzee Valeriani akasaini bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu.

Dawa ikaagizwa, ikafika. Baada ya miezi miwili mkoa ukauliza kwa nini josho lile linaimaliza upesi hivyo. Mkuu akaja dirishani pa masjala kutaka faili la josho, Germana akamwonyesha orodha.

"Mimi ndiye mkuu hapa," alisema.

"Ndiyo, mzee. Niambie tu ni kwa kazi gani, nikuongeze."

Mkuu akaitafuta kazi. Mwishowe akasema ni ukaguzi, na kwa kuwa ofisi nzima ilimsikia, ikabidi aende kulikagua josho kweli, mara ya kwanza katika miaka sita. Sironka alimpokea kwa heshima, akamwonyesha ufa ukutani mwa josho ambao dawa ilikuwa ikivujia. Mzee akarudi na kupe watatu kwenye soksi.

Kesho yake alilisoma faili lote. Akakuta maombi matano ya kuliziba josho, na chini ya kila moja mwandiko wake mwenyewe: Nimeona.

Aliandika barua ya kuomba saruji, akaikabidhi kwa Germana pamoja na faili, akasaini daftarini kwamba amelirudisha. Saruji ilifika Desemba.