Pakiti ya Zana

Jumamosi tarehe kumi na nane Machi, mwaka wa elfu mbili na sita, ndiyo siku mambo ya Otiende yalipoharibika. Mkewe Naliaka alikuwa ameshazikwa kabla ya hapo, lakini hayo Otiende aliyaweka upande wa Mungu. Ya Jumamosi hiyo yalikuwa ya kamati.

Kamati ya chama alichokuwa Naliaka ilikuja nyumbani kwake Kitengela na mkate, sukari na maombi. Walisali vizuri, hilo hakuna anayelikataa. Mwenyekiti Mbugua, mwenye buchari na ploti za kupangisha, aliomba mpaka shingo ikalowa jasho. Kisha, chai haijapoa, akafuta mdomo na kuuliza, "Baba Shirleen, zile kadi za marehemu ziko wapi?"

Kadi zenyewe zilikuwa za mchezo. Ziliingia Kitengela ndani ya marobota ya mitumba, yale ya vitu vya watoto, zikiwa na picha za majoka na mashujaa na maandishi ya Kizungu. Mtu mmoja akaelewa sheria, akamwonyesha mwingine, na kufikia mwaka huo kulikuwa na chama kizima kinachokutana kila Jumamosi nyuma ya buchari ya Mbugua. Mchezo waliuita Boma. Mnakaa wanne mezani, kila mtu na boma lake la mawe ishirini. Unatuma watu wako wakabomoe boma la jirani, na boma la mwisho kusimama ndilo limeshinda. Naliaka alikuwa akiwauzia chapati. Alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwao, siku moja akavuta kiti, na tangu hapo wakawa wanakula chapati zake huku wakipigwa naye.

"Sheria ya chama," Mbugua alieleza kwa sauti ya matanga, "mwanachama akitutoka, kadi zake zinarudi kwa sanduku. Anayeshinda meza ya mwisho wa mwezi anachagua moja. Ndivyo tunamkumbuka mtu."

Otiende alizitoa kabatini akawapa. Utamkatalia vipi mtu aliyetoka kukuombea? Ni baada ya kamati kupotea kwenye kona ndipo alipokumbuka ile kadi ya mama mwenye taa. Mchezoni ilikuwa kadi hafifu. Lakini Naliaka, kila alipopanga kadi zake, alikuwa na tabia ya kuibana ile moja kwa meno, na pembe yake ilikuwa imeshikilia alama za meno hayo, mawili ya mbele na lile lililopinda. Picha za harusi hawakuwahi kupiga. Ile pembe ya kadi ndiyo iliyokuwa imebaki na mdomo wa Naliaka.

Jumatatu akaifuata buchari.

"Nipe hiyo moja tu, mwenyekiti. Zingine kaeni nazo."

"Nikikupa wewe, kesho nitampa nani?" Mbugua alisema, akinoa kisu. "Sheria ni sheria, mzee wangu. Unaitaka? Cheza."

Wateja wakacheka. Otiende alikuwa fundi wa kujenga, darasa la nne, na Kizungu chake kilikuwa kile cha kusoma mfuko wa saruji.

Hakushangaa. Tangu zamani alikuwa amewaelewa wakubwa. Kaunsili ilichukua ushuru wa taka na taka zikabaki mlangoni. Daktari mkuu alikuwa semina usiku Naliaka alipohitaji damu, na friji ya damu ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa semina pamoja na daktari. Sasa na kadi za mchezo zilikuwa zimepata mwenyekiti. Lakini safari hii wakubwa walikuwa wamekosea kitu kimoja: walikuwa wamemwambia mlango uko wapi. Karani wa chama, kijana Lennox, ambaye alifanya kazi Nairobi na kupanga chumba Kitengela, ndiye aliyethibitisha kwamba kiti cha Naliaka kilikuwa kimelipiwa mpaka Desemba.

"Kiti ni chako, mzee," Lennox alisema. "Lakini kadi utatoa wapi?"

Kadi zilikuwa kwa Phylis, mama wa mitumba ya vitu vya watoto sokoni. Phylis alikuwa amezipanga kwa madebe. Majoka juu, yakiwa yamefungwa kwa nailoni, bei ya kuumiza kichwa. Mashujaa katikati. Na chini ya meza, kwenye karai lililotoboka, kulikuwa na zile ambazo hakuna mtoto aliyezitaka wala mtu mzima aliyezitazama.

"Hizo ni nini?" Otiende aliuliza.

"Hizo ni zana, baba. Kofia za chuma, ngao, mikuki, kamba, viatu. Vitu vya kubebwa. Hakuna mtu hununua kiatu akiwa anaweza kununua joka."

Otiende akachuchumaa. Akachagua ya kofia ya chuma, akamwomba Phylis amsomee.

"Inasema, ukimvalisha mtu wako, anakuwa mgumu kuuawa. Na akiuawa..." Phylis akaisogeza karibu na macho. "Akiuawa, kofia inabaki mezani. Unamvalisha mwingine."

"Rudia hapo."

"Kofia inabaki, Baba Shirleen. Mtu ndiye anaenda."

Otiende akabaki amechuchumaa, karai miguuni. Hilo hakuhitaji kusomewa mara ya tatu. Mjengoni ndivyo ilivyokuwa maisha yake yote: kibarua anafukuzwa asubuhi, au anaumwa, au anapata kazi kwingine, na saa hiyo hiyo mwiko wake, koleo lake na wilibaro lake vinaingia mikononi mwa aliyekuwa amengoja getini. Kazi ya ukuta haisimami. Wakubwa wa mjengo walikuwa wameutumia huo ujanja kwake miaka yote. Sasa alikuwa ameupata yeye.

Pesa hakuwa nazo, lakini sakafu ya kibanda cha Phylis ilikuwa imebomoka na maji yalikuwa yakiingia kila mvua. Wakaelewana. Otiende akamwaga sakafu mpya, akaondoka na karai zima.

Pakiti yake ya kwanza, yaani kadi alizochagua za kuchezea, ilikuwa aibu. Alitia kila zana yenye kung'aa, akarudi kibandani kumjaribu Phylis. Akaweka mkuki mezani. Akaweka ngao. Akaweka viatu vya mwendo, kofia, kamba. Vifaa vikajaa mezani kama duka la hadweya, na Phylis akavuka na askari wake mmoja mchovu, akabomoa boma lote.

"Sasa Baba Shirleen," alisema akicheka mpaka akashika mbavu, "hii mizigo yote ilikuwa ibebwe na nani? Na mimi?"

"Cheka tu."

"Si nacheka! Naliaka angekufukuza hapa na chapati ya moto."

Alipotajiwa Naliaka hivyo, kwa kicheko, Otiende alijikuta naye anacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Kisha akatoa zana zaidi ya nusu. Akarudi kwa madebe kutafuta watu, na hapo pia akapita majoka kama hayaoni. Alichukua watu wa bei ya chini kabisa: mlinzi wa lango, mchota maji, mpishi, mvulana wa mbuzi. Watu ambao unawaweka mezani bila kungoja. Peke yake, kila mmoja wao alikuwa hawezi kumwua kuku. Zana alizobakisha zilikuwa chache na kila moja na kazi yake: mkuki wa kubomolea, kofia ya kukingia, viatu vya kumfanya aliyewekwa mezani leo aende vitani leo leo, bila kupumzika. Sentensi za Kizungu alizikariri kwa kusomewa na Phylis, akazihifadhi kwa picha. Walicheza kila alasiri soko likipoa. Phylis alianza kushindwa, kisha akaanza kukasirika kwa kushindwa, na Otiende akajua pakiti imekomaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, meza ya kwanza ya mwisho wa mwezi tangu chama kimalize maombolezo, aliingia nyuma ya buchari akiwa amevaa shati la kanisani. Mezani walikuwa Mbugua, Lennox, na Katoo, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Bisil, mtu mrefu mwenye shuka begani na simu mbili.

"Sopa, mzee," Katoo alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa."

"Umekuja kututeka au kutujengea?"

"Nitaanza na kubomoa," Otiende alisema, akaketi kwenye kiti cha Naliaka bila kukipangusa.

Watu wakapiga mbinja. Mbugua akachanganya kadi zake nene, za nailoni, moja moja kama mtu anayehesabu kodi.

Mchezo ulianza. Otiende akaweka mvulana wa mbuzi, kisha kofia. Akaweka mchota maji, kisha mkuki na viatu. Lennox akachungulia. "Buda, hiyo ni pakiti ama ni stoo?" Wakacheka, na kwa sababu walikuwa wakicheka hakuna aliyemshambulia. Hilo Otiende alikuwa amelitegemea. Meza ya watu wanne si ya kupigana na mmoja. Kila mtu anamtafuta mwenye kutisha, na hakuna aliyewahi kutishwa na mchota maji. Mbugua alitoa joka jekundu. Katoo, ambaye alikuwa ameuziwa ploti mbovu na Mbugua zamani na hakuwahi kusahau, akatuma simba wake wote upande huo. Wakabomoana. Mawe ya Katoo yakaisha, akarudisha kiti nyuma, akamkonyeza Otiende.

"Mwenyekiti amebaki na mawe machache, mzee. Mimi nimekutengenezea barabara."

"Nimeiona," Otiende alisema.

Mbugua sasa alikuwa na majoka mawili na Lennox alikuwa na jeshi. Ilikuwa zamu ya Lennox, na Lennox, akiogopa majoka, akafanya walivyozoea kufanya wenye pakiti za gharama mambo yakiwabana: akatupa Gharika. Ile kadi inaua kila mtu na kila mnyama aliye mezani, wako kwa wa mwenzako. Majoka yakaondoka. Jeshi la Lennox likaondoka. Mvulana wa mbuzi na mchota maji, wote wakaondoka.

"Meza safi!" Lennox alisema, akinyoosha mikono. "Sasa tuanze upya, wazee."

"Meza si safi," Otiende akasema.

Wakatazama. Mbele yake kulikuwa na kofia, mkuki na viatu, vimelala palepale vilipoangukia.

Akaokota kadi. Mlinzi wa lango, mzee mwenye rungu, kadi ambayo Phylis aliwahi kumpa mtoto aichore. Akamweka mezani. Akamvalisha viatu. Akampa mkuki. Mtu mmoja nyuma akasema "Ngai!" na wengine wakasogea karibu. Otiende akamtuma mlinzi kwa boma la Mbugua, na Mbugua akatafuta mkononi, akatafuta tena, na hakuwa na hata sungura wa kusimama mbele. Mawe yake yakaisha.

Lennox alijitahidi. Zamu iliyofuata alimwua mlinzi kwa radi. Otiende akaweka mwingine, akamvalisha. Lennox akamwua huyo pia. Otiende akaweka mpishi.

"Kwani hawaishi?" Lennox alilia.

"Getini wako wengi," Otiende alimwambia, na mpishi, na kofia yake ya chuma kichwani, akabomoa jiwe la mwisho.

Makofi yalipigwa mpaka kinyozi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Katoo alimshika mikono yote miwili. Mbugua hakuwa mtu wa kununa hadharani. Akatabasamu, akaleta sanduku la mbao, akafungua kufuli.

"Chagua, bingwa. Chukua ile Malkia yake ya radi, hiyo ndiyo ya maana. Usiniaibishe uchukue takataka."

Otiende akazipitia polepole. Zilikuwa zote pale: malkia, mto, daraja, ng'ombe wa dhahabu. Karibu na chini akamkuta mama mwenye taa. Akapitisha kidole kwenye pembe. Mawili ya mbele, na lile lililopinda. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Angeweza kwenda nyumbani hapo. Lakini mkono wake bado ulikuwa sandukuni, na ulikuwa umegusa mbao. Chini ya kadi za Naliaka hapakuwa na kitu. Naye Otiende alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba Naliaka hakuwa mwanachama wa kwanza kufa. Waweru, shemeji wa Mbugua, aliyekuwa na pakiti nzuri kuliko zote Kitengela, alizikwa Krismasi, na chama kizima kilimsindikiza na mashada.

Otiende akaliinamisha sanduku kuelekea mwangani ili wote waone sakafu yake.

"Mwenyekiti," akasema, wala hakupaza sauti, "na kadi za Waweru ziko wapi?"