Kitambaa Chekundu cha Nyamutwe

Katungu alikuwa mtu wa kugombana hata na mvua. Ukimkuta asubuhi kwenye meza yake ya nyanya mtaani Katoyi, mjini Goma, kabla hujafungua mdomo umeshajibiwa. Kwa hiyo siku ile ya Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, alipofika kijijini Nyamutwe kando ya ziwa na kuona hakuna hata pa kuweka kisigino, alianza kwa kufoka.

"Muji muzima umehamia hapa! Théogène, si nilikuambia tutoke mapema?"

Mumewe aliendelea kutembea. Begani alikuwa na mfuko wa makaa, mkononi sufuria ya wali, na miaka ya ndoa ilikuwa imemfundisha wakati wa kujibu na wakati wa kubeba. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, Nyiransabimana, amemshika mkono mjukuu wake Umwiza, msichana mdogo aliyevaa nguo mpya nyeupe ya sikukuu.

"Na wewe Umwiza, usikae chini!" Katungu aligeuka. "Ukichafua ile nguo mbele ya kupiga picha, utaniona."

"Ndiyo, mama."

Basi Nyamutwe ilikuwa imejaa vile. Ilikuwa Bonane ya kwanza tangu mlima utapike moto, ule mwezi wa tano ambao Goma nzima ilikimbilia Sake kwa miguu na magodoro kichwani. Juu kule Rutshuru waasi walikuwa wamerudi tena. Watu walicheka kwa nguvu siku hiyo, kama mtu anayekula haraka kabla hajanyang'anywa sahani. Muziki ulilia kutoka kila upande, michopo ya mbuzi ilitoa moshi juu ya makaa, na wenyeji waliuza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani angewalaumu?

Nyiransabimana alikuwa ametoka Rutshuru majuma machache tu yaliyopita, milio ya masasi nyuma yake na kitenge kimoja mwilini. Katungu alimpokea, alimpa kitanda, alimpa chakula. Lakini kumwita "mama" kulimshinda. Alimwita "mama ya Théogène," hata mbele yake. Bibi mwenyewe, ambaye Umwiza alimwita koko, alikuwa na mambo yake. Mlango ukibamizwa, yuko chini ya kitanda. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, amemvuta mjukuu na kumlaza sakafuni. Alikuwa amepita vita vingi, na vyote vilimfundisha somo moja: sasi halimwoni aliyelala.

"Atamufanya mutoto wangu kuwa panya," Katungu alimwambia mumewe zaidi ya mara moja.

Walizunguka ufuko mzima wakitafuta mahali. Kila kipande cha mchanga kilikuwa na mkeka, na kila mkeka ulikuwa na watu waliojifanya hawaoni. Mwishoni kabisa, mahali mchanga unapoishia kwenye mawe meusi ya mlima, Katungu aliona nafasi tupu. Nyuma ya nafasi hiyo palikuwa na shimo pana lililozungukwa na mawe, na ukingoni mwake kilisimama kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu.

Katungu alikijua kijiti hicho, au alidhani anakijua. Sokoni, mtu akitaka kushika nafasi ya kesho, anaacha jiwe, au gunia, au kitambaa kwenye kijiti. Miezi mingi alipigana na watu wa namna hiyo. Akawaza moja kwa moja: matajiri wa Himbi wametuma mtu jana kuwashikia mahali.

"Banashika nafasi sawa vile ziwa ni ya baba yabo!" alisema, akakishika kijiti kwa mikono miwili na kuking'oa.

"Uliza kwanza mwenyewe," alisema Théogène.

"Niulize nani? Aliyefika njo mwenye nafasi. Na shitingi yetu haina muti ya kusimamisha."

Laiti angeuliza. Mtu yeyote wa Nyamutwe angemwambia. Kitambaa chekundu hapo hakishiki nafasi ya mtu, kinaonyesha mazuku. Ndiyo ile hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi ya volkano, haina rangi, hujikusanya mashimoni kama maji. Mbuzi akiingia analala. Mtu akiingia na kuinama, naye analala, na hakuna wa kumwamsha. Katungu alilijua neno hilo, nani Goma asiyelijua? Ila alikuwa mtu wa Butembo, mbali na volkano, na alama zake hakuzijua.

Wakasimamisha shitingi, ile plastiki nyeupe ya wakimbizi, kwa kijiti hicho hicho. Kitambaa kikabaki juu kikipepea.

Bibi hakukaa. Aliangalia barabara, akaangalia maji, halafu akaenda kuangalia shimo.

"Hapa pazuri," alisema akirudi. "Kitu kikitokea, tutajificha pale."

"Mama ya Théogène, leo ni Bonane! Nani atakuja kutupiga Bonane?"

"Hata siku ya Noeli banakuyaka kutupiga," alijibu bibi kwa upole.

Umwiza naye alikuwa amechungulia. "Mama, kuna ndege amelala ndani ya shimo."

"Wacha ndege alale. Usikae chini, nimesema!"

Mtoto akasimama wima, ameshika pindo la nguo kwa vidole viwili. Théogène akaenda kutafuta vinywaji. Katungu akaona wauza sambaza wanapita, akawafuata huku akibishana nao bei, na kwa muda kidogo akawa na furaha ya kweli. Jua lilikuwa zuri. Alimwona mama mkwe wake kwa mbali ameketi na Umwiza amesimama kando yake, wanacheka. Akajisemea kwamba jioni, wakirudi nyumbani, atamwambia neno jema yule mama.

Hapo ndipo milio ilipopasuka.

Pa! Pa-pa-pa-pa!

Ufuko mzima ulianguka. Hakuna aliyeuliza ni nini, Goma haiulizi. Wengine walijitupa mchangani, wengine walikimbilia barabarani, sufuria zikapinduka, mikeka ikakanyagwa, mtu akapiga kelele, "Masasi! Batu banapiga masasi!" Katungu mwenyewe alikuwa chini, mdomo umejaa mchanga, sambaza zimemwagika kichwani. Mkono wake ulitafuta mtoto, haukupata kitu.

Halafu kicheko kikatoka majini. Mashua ya vijana ilikuwa inapita, na vijana hao walikuwa wanawasha fataki.

"Ni fataki!" watu waliitana. "Amukeni, ni fataki tu!"

Watu waliinuka wakijipangusa, wakacheka kwa aibu, wakawatukana vijana na mama zao. Katungu hakuwa na muda wa kutukana. Alikimbia mpaka kwenye shitingi. Mkeka ulikuwepo, wali ulikuwepo, na ndala moja ya bibi. Watu hawakuwepo.

"Umwiza! Umwiza wee!"

Alikimbia upande wa maji. Alikimbia upande wa barabara, akapangua watu, akashika mabega ya watoto wasio wake na kuwaangalia usoni. Kila mtoto siku hiyo alivaa nguo nyeupe! Alimlaani bibi kwa sauti. "Amemupeleka wapi mutoto wangu? Amemuficha wapi?"

Théogène akamkuta hapo, chupa bado ziko mkononi. Nyuma yake alikuja mzee mmoja wa kijiji akihema, jina lake Cyprien, ambaye kazi yake siku za wageni ilikuwa kulinda ufuko. Alikuwa anaelekeza kidole juu ya shitingi yao.

"Ile muti! Nani ameng'oa ile muti yangu?"

"Mutoto wangu amepotea, papa, usiniletee mambo ya muti!"

"Mama, ile ni muti ya mazuku! Ilikuwa kwa shimo!"

Katungu alielewa kabla hajamaliza kusikia. Kitu kikitokea, wapi bibi yule angemficha mtoto? Chini. Mahali pa chini kuliko pote. Akapiga yowe ambalo yeye mwenyewe hakulisikia, akakimbia kuzunguka mawe.

Nyiransabimana alikuwa amelala kifudifudi chini ya shimo, mkono mmoja umenyooka. Mbele ya mkono huo palikuwa na jiwe kubwa. Juu ya jiwe alisimama Umwiza, wima kabisa, uso umekauka kwa hofu, ameshika pindo la nguo yake nyeupe kwa vidole viwili.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "sijakaa chini."

Katungu alitaka kuruka. Cyprien alimkamata kitenge kwa nyuma na kumrudisha kwa nguvu. "Ukiinama utakufa! Umwambie mutoto asishuke!"

"Usishuke, Umwiza! Simama, mama, simama hivyo hivyo!"

Cyprien alijaza pumzi kifuani, akafunga mdomo, akashuka amesimama kama mtu anayevuka mto. Alimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake na kumpitisha kwa mama. Kisha akapanda kupumua, akashuka tena, safari hii na Théogène nyuma yake. Iliwabidi wainame ili kumshika bibi. Walitoka mikono mitupu, wakapumua, wakarudi. Mara hiyo walimvuta, wakamlaza juu ya mawe penye upepo.

Walimpepea. Walimbonyeza kifua. Théogène alimwita mama yake kwa Kinyarwanda, akamwita tena, kama mtoto anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina mtu. Cyprien ndiye aliyemfumba macho.

"Koko alisema tulale chini," Umwiza alinong'ona shingoni mwa mama yake. "Nikakataa. Nikapanda jiwe. Uliniambia nisichafue nguo. Halafu koko akanyamaza."

Katungu alilia hapo hapo. Aliona aibu kulia, na akalia. Alimtazama Théogène akitaka amtukane, ampige, afanye chochote. Théogène alimwangalia mara moja tu, kisha akaangalia kijiti, kisha akainama kumfunika mama yake. Wanaume wa kijiji walikuja na ubao, wakambeba kuelekea barabarani.

"Baki na mutoto," Théogène alisema, akaufuata ubao.

Ufukoni muziki ulikuwa umeanza tena. Upande wa pili wengi hawakujua lililotokea, na waliojua walikuwa wamevuta mikeka yao mbali kidogo. Katungu alimfunga Umwiza mgongoni, nguo nyeupe na yote. Alikwenda kwenye shitingi, akashika kijiti kwa mikono miwili, akaking'oa. Plastiki ilianguka juu ya wali. Akakirudisha kijiti ukingoni mwa shimo, katika tundu lile lile, akakishindilia kwa mawe, akabaki amesimama hapo akikishika.

Haukupita muda mrefu, mwanamke mmoja akaja kutoka penye umati, miwani nyeusi machoni, mkeka kwapani, watoto wake wakimfuata.

"Mama, hapa nafasi imeshikwa?"

"Imeshikwa," alisema Katungu. "Rudi juu na batoto. Pale kwenye upepo. Tafazali."

"Imeshikwa na nani? Sioni mutu."

"Na mama yangu."

Mwanamke alitazama nafasi tupu, akatazama kile kitambaa chekundu, akasonya. Aligeuka na watoto wake, na alipokuwa anaondoka Katungu alimsikia akisema, "Batu ya hapa! Banashika nafasi sawa vile ziwa ni ya baba yabo."

Katungu aliwafuata kwa macho. Alikishika kijiti kwa nguvu zaidi, mpaka wale watoto walipofika juu.