Flashi ya Wifi

Flashi ya wifi, dada wa mume wa fundi wa elektroniki, ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mpaka ikachoka, na humo ndimo ilimobaki rekodi ya sauti ya harusi nzima ya fundi huyo. Kila fundi alipoisoma, data ilitoka na makosa mapya.

"Tupa tu, wewe na nyaya zako!" wifi alicheka.

Fundi akakataa katakata. Siku zote, kila usomaji ulipompa nakala tofauti, alikuwa akitupa nakala zinazopingana. Safari hii aliziweka zote, akisoma tena na tena huku akipandisha na kushusha volteji kidogo. Zilipokubaliana, aliamini; zilipobishana, aliweka alama ya shaka, kisha akaiachia programu ya kusahihisha ianze kupekua penye alama hizo. Makosa yakaisha, hata la dawa halikubaki!

Ukoo ukajaa sebuleni kusikiliza. Kabla ya nyimbo, karibu kabisa na kinasa sauti, akasikika wifi mwenyewe: "Kaka amejiolea fundi wa takataka. Huyu hata redio haiwezi!"

Fundi akairudisha rekodi nyuma, akaongeza sauti.

"Samahani, wifi," alisema. "Nahakikisha tu hakuna neno lililopotea."