Kisanduku Mwishoni mwa Jina

Biju, katibu mpya wa chama chetu cha programu huru, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzirekebisha, hapa mjini Thrissur, alipotangaza kwamba mazungumzo yetu yote yanahamia kwenye programu ya kampuni iliyotulipia ukumbi, niliruka kutoka kitini.

“Tutaonyeshwa ndani yake kuna nini? Tutaruhusiwa kuirekebisha?”

“Jamani, dada Sreekala ameanza! Dada, ni bure!”

“Bure si huru, Biju! Si ndiyo maana tukaunda chama?”

Wanachama wakacheka. Nikamgeukia Jayadevan. Mimi na yeye tulihangaika miaka minne kuifundisha kompyuta herufi moja ya Kimalayalam, lugha yetu, ile inayofunga jina lake, maana kila mahali ilitokea kama kisanduku kitupu. Tuliweza kwa sababu programu za wakati ule zilikuwa wazi. Sasa alikuwa anapuliza chai yake.

“Nimechoka, Sreekala,” alisema. “Hii angalau inafanya kazi.”

Nikadai pingamizi langu liandikwe. Biju akasema mapingamizi yote yanapokelewa humo humo, kwenye programu mpya. Basi nikajiunga. Nikabonyeza “Nakubali”, nikaliandika pingamizi langu.

Badala ya kulijadili, Biju alitangaza tu: “Hata dada Sreekala kajiunga!”

Wa kwanza kutuma alama ya makofi alikuwa Jayadevan. Jina lake lilikuwa pale chini ya tangazo, limeishia na kisanduku kitupu, na safari hii hatukuwa na pa kuingilia kukirekebisha.