Silinda ya Tatu

Kabla ya moteri ya ile Celica nyekundu kuwashwa, iliombewa. Ndivyo ilivyo katika gereji ya marehemu Papa Kasika, mjini Butembo: moteri iliyofunguliwa hadi mifupa haiwashwi mpaka mtu wa nyumba aweke mkono juu yake na kumtaja Mungu. Aliyeomba ni Jephté, mtoto wa kwanza. Aliomba kwa sauti nzito, akaitaja mikono ya dada yake Gracieuse, maana ndiyo iliyoijenga upya moteri ile kuanzia kipande cha kwanza. Gracieuse aliitika amina kwa moyo wote, maskini.

Moteri ikawaka, ikanguruma vizuri. Lakini Gracieuse si mtu wa kudanganywa na mngurumo. Alichukua kipima joto chenye umbo la bastola, ndugu ya vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Ebola, ila hiki ni cha kupimia chuma, akakielekeza kwenye mabomba manne ya moshi, moja baada ya jingine. La kwanza, la pili na la nne yalikuwa karibu sawa. La tatu lilikuwa na moto wa kutisha. Silinda inayopunjwa mafuta haipoi, inawaka vikali kuliko wenzake, na ukiikimbiza mlimani pistoni yake inayeyuka. Na gari hii ilijengwa ikimbizwe mlimani. Mwenye gari, Papa Vagheni, mfanyabiashara asiye na ulevi mwingine duniani ila mbio za magari, alitaka kuipeleka kwenye mashindano Uganda.

Tangu baba yao afariki, watu walimwachia Gracieuse kazi ya kumwaga oili na kukaza magurudumu. Moteri zilikwenda kwa Jephté. Vagheni ndiye wa kwanza kusema, hii ajenge dada. Ikiyeyuka, hakuna mtu Butembo atakayempa nyingine.

"Ni joint ya admission," Jephté alisema bila hata kuinama kutazama. "Uliiweka mubaya. Fungua tena."

Alifungua. Akaweka joint mpya, ile gasketi ya pale hewa inapoingilia, akapuliza dawa pembeni kutafuta tundu, hakuna kitu. Silinda ya tatu ikabaki na moto wake. Jephté akasema afungue tena. Akafungua tena, mikono ikichubuka. Akazibadilisha nafasi zile buji za kuwashia moto, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya pili. Joto halikuhama.

Zilibaki injekta, vile visindano vinavyonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Aliponyoosha mkono, kaka yake akamzuia.

"Zile hapana kugusa. Mimi mwenyewe nilizipeleka Beni kwa Josaphat, akazisafisha, akazipima, zote ni sawa. Unaniona mwongo?"

Katika nyumba ile neno la mkubwa halihojiwi mara mbili. Gracieuse akarudi kwenye joint.

Siku iliyofuata Vagheni alipita gerejini, uso umekunjamana. "Mama Gracieuse, yaya yako Jephté ananiambia kama anakuhurumia, mais kazi hii imekupita. Kama haijapona, nitatuma moteri Kampala bafungue kule."

Anakuhurumia! Jephté alipoondoka kwenda Kirumba kutengeneza lori la mtu, Gracieuse hakungoja. Alitoa injekta ya silinda ya tatu akaiweka ya kwanza, na ya kwanza akaiweka ya tatu. Akawasha, akapima. Silinda ya tatu ilikuwa imetulia. Moto ulikuwa umehamia kwenye ya kwanza.

Basi yule Josaphat amemtapeli kaka yangu, alijisemea. Ona jinsi damu ilivyo nzito: alipanda gari la Beni na kile kiinjekta mfukoni, na njia nzima, mpaka wanapita Kalunguta, alikuwa akipanga matusi ya kumrushia mtu asiye na kosa.

Josaphat alimsikiliza hadi akamaliza. Kisha akakichukua, akakigeuza mkononi.

"Mama, hii haiko yenu. Yaya yako hakukwambia? Yenu moja ilikuwa imeziba. Mimi nikamwambia angoje machine ya kusafishia. Yeye hapana kungoja, akaingiza waya ile ya kuzibulia taa ya petromax. Tundu ikaharibika. Akaniomba ingine yenye kufanana, nikamutafutia mu vieux zangu za zamani. Nilimwambia, hii inatoa essence kidogo, silinda itakosa mafuta, hapana kuitia mu moteri ya mbio. Akasema, dada yangu atajua ya kufanya, nitamweleza."

"Alisema atanieleza?"

"Alisema vile mbele yangu."

Gracieuse alikaa juu ya tairi lililokuwa pale. Jephté alijua. Alipoweka mkono juu ya moteri akaomba, alijua. Alipomwambia afungue, na afungue tena, na alipokwenda kwa Vagheni kusema anamhurumia dada yake, alijua. Yule aliyemfundisha kushika spana alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akashukuru. Alilia palepale kwa Josaphat, bila aibu.

Josaphat alimpatia injekta inayolingana na zile tatu, wakaipima pamoja. Alirudi Butembo, akaifunga, na mabomba yote manne yakasoma sawa.

Jephté alirudi kutoka Kirumba, akakuta ile injekta mbovu juu ya meza. Hakuuliza imefikaje pale.

"Vagheni anakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Tumwambie ilikuwa joint. Weye ni mwanamuke, batakusamehe. Mimi niko na jina ya papa."

Mara Vagheni akaingia. Alipima mabomba mwenyewe, akacheka kwa furaha, akauliza ilikuwa nini.

"Joint," Jephté alijibu haraka. "Aliiweka mubaya, mais amekwisha kuitengeneza."

Mambo ya nyumba hayasemwi mbele ya mtu wa nje. Gracieuse alilelewa hivyo, na maisha yake yote hakuwahi kuvunja hilo. Alichukua injekta juu ya meza, akaiweka katika kiganja cha Vagheni.

"Ni hii, papa. Yaya aliharibisha yenu kule Beni, akaleta hii, akanyamaza. Josaphat anajua yote."

Vagheni alitazama chini. Jephté akamgeukia dada yake.

"Gracieuse! Unauza kaka yako mbele ya batu?"

Gracieuse hakuwa na hasira tena, na hilo lilimuuma kuliko hasira.

"Yaya," alisema, "siku ile umetoka Beni ungeniomba tu. Ningesema ni mimi niliivunja, na hata wewe mwenyewe ungesahau kama ilikuwa uwongo."